Fantasi: Habari za Maji ya Kunywa Katika Majahazi, na Safari ya Kidingapopo

Hapa Mkula maji hayana haja ya kuwekwa akiba. Hushuka yenyewe kutoka milima ya Udzungwa, usiku na mchana, masika na kiangazi. Huingia katika mifereji ya mashamba ya mpunga, na yale yanayosalia hushika njia zake mpaka yakafika mto Rufiji, na kwa mto huo baharini. Mvuvi wa Kindamba aingiapo katika mtumbwi wake asubuhi hachukui mtungi wala debe, kwa kuwa maji ya kunywa ndiyo hayo hayo ayapigayo kwa kafi. (Kama afanya vema kuyanywa bila kuyachemsha, hilo ni neno jingine.) Kwa hiyo si ajabu kwamba siku moja nilipolitaja neno fantasi mbele ya vijana ninaowafundisha, hapakuwa na hata mmoja aliyelijua. Mmoja alibahatisha kwamba ni neno la Kizungu lenye maana ya njozi. Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Kisha nikaona si vema kucheka, kwa maana neno lenyewe lakaribia kufa, na habari iliyomo ndani yake yatuhusu hata sisi wa bara.

Fantasi ni sanduku kubwa la mbao, lililoundwa kwa ufundi ule ule wa kuunda chombo, ambalo huwekwa katika jahazi ili kuchukua maji ya kunywa ya nahodha, mabaharia na abiria. Asili yake ni Kiarabu, na huko Kuwait uko mji uitwao Fintas. Wanachuoni wa Kiarabu walioandika makamusi ya zamani walilifasiri neno hili kwa maana mbili. Ya kwanza ni shimo la chini ya chombo, mahali yakusanyikapo maji yavujayo, ndipo Waswahili waitapo ngama. Ya pili ni chombo cha mbao zilizopakwa lami, cha kuchukulia maji matamu ya kunywa. Msomaji na alitazame jambo hili kwa makini. Neno moja lilitaja maji machafu kuliko yote yaliyomo chomboni, likataja tena maji yapasayo kuwa safi kuliko yote, na baina ya hayo mawili hapakuwa na kitu ila ubao na kazi ya mtu. Waswahili walipolipokea neno hilo waliliachia maana ya pili tu. Kwa maji ya chini wakabaki na ngama yao, na kitendo cha kuyatoa wakakiita kufua maji. Naona walifanya vema.

Tena si hilo tu walilolitenga. Sisi wa bara twasema maji, basi, na kila mtu aelewa. Mtu wa pwani hawezi kusema hivyo na kunyamaza, kwa sababu maji yaliyo mengi machoni pake hayanyweki. Ndipo husema maji ya chumvi, na kinyume chake husema maji baridi, hata yawe yametoka jikoni yana moto. Au maji matamu. Au kwa usemi wa zamani, maji ya pepo. Hapa pepo ni wingi wa upepo, yaani maji yenye ubaridi kama wa kupepewa. Nalitaja neno hili sasa kwa sababu tutakutana na pepo mwingine mbele, wa namna mbali kabisa.

Vyombo vya kuchukulia maji hayo vilikuwa vingi kabla ya fantasi na pamoja nayo. Palikuwa na mtungi, na kasiki, na balasi, ule mtungi mkubwa wa udongo. Palikuwa na kiriba cha ngozi. Wareno walileta pipa, chombo na neno lake pamoja. Baadaye likaja tangi, ambalo wengi hudhani ni la Kiingereza tangu mwanzo. Lakini Waingereza wenyewe walilipata katika Bara Hindi, kwa watu wa upande wa Gujarati, ambao waliliita hivyo birika la kuwekea maji ya mvua. Basi neno hilo lilivuka Bahari ya Hindi, likaenda Ulaya, likarudi pwani yetu likiwa limevaa chuma, na siku hizi limevaa plastiki.

Sasa na tufanye hesabu kidogo, ili msomaji asiyejua bahari apate kuona ukubwa wa jambo. Jahazi liendalo Maskat kutoka Unguja kwa upepo wa kusi lilihitaji yapata mwezi mmoja, au pungufu kidogo kama upepo ulikuwa mwema. Tuseme wamo mabaharia 30, na kila mmoja apata lita 4 kwa siku, za kunywa na za kupikia. Kwa siku 30 watamaliza lita 3,600. Wakipakia abiria 100, hesabu hiyo yapanda hata lita 15,600, nazo ni tani 15 na zaidi za shehena isiyolipa nauli. Nahodha alijaribiwa na hesabu hiyo kila mwaka. Akichukua maji mengi, atapunguza boriti au tende. Akichukua machache, atautegemea upepo. Na upepo hautegemewi. Dkt. Livingstone, ambaye wasomaji wa kurasa hizi wamjua kwa mambo mengine, alitoka Unguja tarehe 30 Aprili 1864 katika meli yake ndogo Lady Nyassa, akashika njia ya Bombay, akiwa na Wazungu wachache na watu wa Zambezi, pamoja na vijana Chuma na Wekotani. Makaa yake yalikuwa haba, hata ikambidi kutegemea tanga. Na katika siku nyingi bahari ilikuwa shwari kama kioo. Alifika tarehe 13 Juni, siku ya 45. Mtu akiwa katika shwari ya namna hiyo hatazami tanga kwanza. Hutazama kina cha maji katika tangi.

Kwa ajili ya maji watu walipigana pia. Vasco da Gama alipofika kisiwa cha Msumbiji mwezi wa Machi 1498, urafiki na wenyeji ulipokwisha, ugomvi wa wazi ulikuwa juu ya maji ya bara ng'ambo ya pili. Wareno wakayateka kwa mizinga. Lakini kwa kawaida mambo yalikuwa ya amani. Unguja vyombo vilijaza maji Mtoni, kaskazini ya mji, mpaka Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alipoyaleta mjini maji ya chemchemi kwa mifereji na mabomba. Lamu ilikunywa maji ya visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga.

Huko Ghuba ya Uajemi fantasi ilikuwa zaidi ya chombo cha safari. Ilikuwa uhai wa mji. Kuwait haikuwa na maji matamu ya kuitosha, na tangu mwanzo wa karne ya 20 majahazi yaliyojengewa fantasi kubwa yalikwenda kujaza maji ya mto Shatt al-Arab na kuyaleta mjini kuuzwa. Hivyo ndivyo watu walivyokunywa hata miaka ya 1950. Mtambo wa kutenga chumvi na maji ya bahari ulianza kazi 1953. Na katika mji ule ule paa za nyumba zilishikwa na boriti za mikoko ya Rufiji. Alan Villiers, baharia wa Australia, alipanda bumu la Kuwait mwishoni mwa 1938, nahodha wake akiwa Ali bin Nasr al-Najdi. Akafika nalo Unguja na katika delta ya Rufiji, akasaidia kuona boriti zikipakiwa katika matope na mbu, kisha akarudi nao mpaka kwao. Aliyaandika hayo katika kitabu chake cha 1940. Huenda pana watu wa Kuwait waliolala miaka mingi chini ya miti iliyokuzwa na maji yaliyopita hapa kwetu Mkula, huku wao wenyewe wakinywa maji ya kununua kwa kiriba.

Nimesema hayo ili kazi yenyewe ieleweke: kazi ya kuisafisha fantasi. Si kazi ya kusifiwa. Mlango wa juu ni mdogo, maana ukiwa mkubwa maji humwagika chombo kikipepesuka. Kwa hiyo aingiaye ni kijana, mwembamba wa mabega. Ndani ni giza na joto. Chini mna mashapo, ule udongo laini ulioletwa na kila ndoo ya maji ya mtoni. Ubavuni mna utando wa kuteleza. Mashapo huzolewa kwa kata na kibakuli. Utando hausikii maji matupu, husuguliwa kwa makumbi ya nazi na mchanga mpaka ubao uonekane rangi yake. Kisha husuuzwa, mara ya kwanza na ya pili na ya tatu, na maji ya kusuuzia hayana njia ya kutokea ila kuchotwa tena kwa mkono.

Hapo ndipo ubao unapoleta shida yake. Tangi la chuma ukilikausha halidhuriki, ila likiachwa na unyevu hupata kutu. Ndiyo maana katika meli walizoea kulipaka saruji ndani. Fantasi ni kinyume. Ikianikwa juani siku nyingi, mbao zake hunywea na kuachana, nayo itavuja kama kapu. Ni lazima iwe na unyevu ili mbao zivimbe na kubanana. Na palipo na unyevu daima utando hurudi. Basi msafishaji hupita katika njia nyembamba: akaushe kiasi cha kuua uozo, asikaushe kiasi cha kufungua mishono. Mishono iliyofunguka hukalafatiwa kwa pamba. Lakini mafuta ya papa, ile sifa iliyopakwa nje ya chombo, asiyakaribishe humu, kwa maana ladha yake haitoki.

Wazungu walikuwa na shida ile ile katika mapipa. Maji ya pipa baada ya wiki chache hunuka kama mayai viza. Mabaharia wao walisema huoza kwanza kisha hupona, na kwa kweli harufu ile huweza kupungua baadaye, ingawa kupona kwa harufu si kupona kwa maji. Wengine waliunguza mapipa kwa ndani, kwa kuwa makaa huondoa harufu. Manowari za Kiingereza zilianza kubadili mapipa kwa matangi ya chuma yapata 1815. Watu wa pwani yetu na wa Uarabuni walikuwa na dawa yao nyumbani, nayo ni kufukiza: mtungi husuguliwa, hugeuzwa kinywa chini juu ya chetezo chenye ubani, na maji yatiwayo baadaye huwa na harufu njema.

Msomaji aona kwamba dawa zote hizo, za makaa na za ubani, zina mwamuzi mmoja, naye ni pua. Maji yakinuka, tangi ni chafu. Maji yasiponuka, tangi ni safi. Kwa magonjwa mengine ya tumbo pua si mwamuzi mbaya sana, ingawa kipindupindu kimewadanganya wengi. Lakini lilikuwamo jambo moja ambalo pua haikuweza kabisa kuliamua, kwa sababu lilipenda maji yale yale ambayo pua iliyapenda.

Mbu tuwajuao hapa bonde la Kilombero, wale waletao malaria, huzaliana katika madimbwi, katika majaruba ya mpunga na kando za mito, nao huuma usiku. Ifakara imepata jina duniani kwa ajili ya mbu hao, tangu Waswisi walipofungua maabara yao pale 1957, ambayo baadaye ilikua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara. Lakini yuko mbu mwingine, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, aitwaye na wataalamu Aedes aegypti. Huyu huuma mchana. Hataki dimbwi wala mto. Asili yake ni msituni, alikozaliana katika mashimo ya miti. Alipozoea kukaa na watu akahamia katika vyombo vyao: mtungi, pipa, birika. Hutaga mayai yake ubavuni mwa chombo, juu kidogo ya ukingo wa maji, yakagandamana na ubao au udongo. Nayo huweza kukaa makavu kwa miezi, kisha maji yakipanda na kuyafikia hutoka viluwiluwi, na baada ya yapata siku 7 hata 10 katika nchi za joto huruka mbu kamili. Maji yake si lazima yawe yananuka. Mtu huteka kwa kata, huona viluwiluwi viwili vikicheza, huvimwaga kando, na kunywa.

Sasa chukua fantasi uiweke mbele ya mbu huyo. Ni shimo la mti lililotembea: mbao zenye unyevu, giza, maji yanayopungua na kujazwa tena, na watu wengi karibu wasioweza kukimbia. Wataalamu wengi wa siku hizi husema kwamba ndivyo alivyovuka bahari. Kwa upande wa Magharibi alitoka Afrika katika meli zilizochukua watumwa, na homa ya manjano ilijulikana Barbados 1647. Kwa upande wetu kuna ushahidi wa lugha, nao ndio ulionifanya niandike.

Mwaka 1870 Unguja ilikuwa haijamaliza kulia wafu wa kipindupindu kilichoanza 1869, ndipo uliposhuka ugonjwa mwingine. Haukuua wengi, lakini uliangusha karibu kila nyumba: homa ya ghafula, vipele, na maumivu ya viungo yaliyomfanya mtu atembee kama mzee. Dkt. James Christie, mganga Mskoti aliyekaa Unguja, yule aliyeandika 1876 kitabu kikubwa cha habari za kipindupindu cha Afrika Mashariki, aliuchunguza na kuuandika 1872 kwa jina alilolisikia kwa wenyeji: kidinga pepo. Alielezwa kwamba maana yake ni mkazo au mshtuko wa ghafula uletwao na pepo. Huyu basi ndiye pepo wa pili, wa mashetani, asiyekuwa na udugu na maji ya pepo ila kwa sauti. Wazee walimwambia tena kwamba ugonjwa huo haukuwa mgeni. Ulikuja katika ujana wao, na kwa hesabu yake hiyo ilikuwa yapata 1823.

Tutazame miaka. Baada ya 1823 ugonjwa wa namna hiyo ulionekana Bara Hindi 1824 na 1825. Mwaka 1827 na 1828 ulienea katika visiwa vya West Indies. Baada ya 1870 ulifika Aden 1871, na mara Bara Hindi. Ni njia za majahazi na za meli. Na huko West Indies wasemao Kihispania waliuita dengue, neno walilokuwa nalo tayari kwa mtu mwenye madaha na mikogo. Waingereza wa huko wakasema dandy, kwa ajili ya ule mwendo wa kujikaza. Wengi wamekubali kwamba chini ya dengue limelala kidinga la Kiswahili, lililochukuliwa na watu waliotolewa pwani hii, kisha likavishwa nguo ya Kihispania na wasioelewa. Mimi nalipenda fundisho hilo, nami najua kwamba kulipenda si kulithibitisha. Lakini miaka yapatana nalo. Pwani yenyewe neno limeendelea kubadilika: siku hizi husemwa kidingapopo, na watoto hudhani ni habari za ndege wa usiku.

Mtu aweza kuuliza, ugonjwa ulivukaje? Mtu mwenye kidingapopo huwa na vijidudu katika damu kwa siku chache tu, pungufu ya wiki. Akipanda jahazi Unguja akiwa mgonjwa, atafika Maskat au Bombay akiwa amepona zamani. Basi ugonjwa ungalikufa njiani, isipokuwa chombo chenyewe kina mbu. Mbu akimwuma mgonjwa, baada ya yapata siku 10 huweza kumpa mtu mwingine; huyo naye huwapa mbu wengine, wale waliozaliwa katika fantasi wiki hiyo; na hivyo ugonjwa huwaka polepole kutoka baharia hata baharia, kama moto katika kumbi, mpaka chombo kitie nanga na abiria washuke. Kwa hiyo kijana yule mwembamba wa mabega, aliyetumwa kuingia katika giza na makumbi yake, alikuwa na kazi kubwa kuliko alivyoambiwa. Akisugua ubavu mpaka juu ya ukingo wa maji, aliua mayai. Akizoa mashapo tu na kumwaga maji machafu, kama walivyofanya wavivu, aliyaacha yote mahali pake.

Napaswa kuongeza neno hapa, ili nisimpotoshe msomaji. Mwaka 1971 Carey alitoa hoja kwamba ule ugonjwa wa Unguja wa 1823 na 1870 haukuwa kile kiitwacho dengue leo. Maumivu ya viungo yaliyodumu muda mrefu yafanana zaidi na ugonjwa mwingine, chikungunya. Na huu wa pili ulitambuliwa wapi? Hapa hapa Tanzania, katika Newala, 1952 na 1953. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliuandika 1955, na jina lake ni la Kimakonde, lenye maana ya kupinda au kujikunja. Yaani huenda jina la Kiswahili lilikwenda Amerika likashikamana na ugonjwa usio wake, na wenye jina walipougua tena ule wa asili wakalazimika kuupatia jina jipya kwa lugha nyingine. Sijui mfano mwingine wa neno letu lililopotea njia kwa namna hiyo.

Wenzetu waliofundisha upande wa Masasi na Newala watakumbuka jambo lililo kubwa juu ya nyanda za Makonde: hakuna maji. Wanawake walishuka bondeni kuteka na kupanda tena na mitungi kichwani, na maji yaliyofika nyumbani yaliwekwa na kutunzwa kama mali. Lumsden aliona mbu huyu akizaliana katika vyombo hivyo vya ndani. Nyanda zile ni kama chombo kilicho katika bahari kavu: watu wengi, maji ya kubebwa, na mtungi usiomalizika kukauka. Bonde letu lililojaa maji lina malaria. Mlima usio na maji ulikuwa na chikungunya.

Rabai nako, karibu na Mombasa, mahali walipoweka makao Krapf na Rebmann tangu 1846, watafiti wa miaka ya 1970 walikuta mbu huyu wa namna mbili: mmoja wa nyumbani, akaaye katika mitungi na kupenda damu ya watu, na mwingine wa msituni asiyejali watu. Baadaye wachunguzi wa nasaba waliona kwamba yule wa nyumbani ana udugu na mbu wa nje ya Afrika kuliko na jirani yake wa msituni. Maana yake, kama wamesoma sawasawa, ni kwamba mbu alitoka Afrika kwa chombo, na wazao wake wakarudi Afrika kwa chombo.

Je, watu wa pwani hawakujua neno lolote la kumzuia? Walijua. Katika nyumba za mawe za Lamu, na katika misikiti, ndani ya birika walitia samaki wadogo, nao hula viluwiluwi vyote. Ni dawa njema, isiyo na gharama wala harufu, na sijaona iliyo bora kwa maji yatuliayo. Lakini samaki hawezi kukaa katika sanduku la giza litikiswalo na mawimbi. Kwa chombo ilibaki kufunika na kusugua tu. Mwaka 1881 Carlos Finlay huko Havana alisema kwamba homa ya manjano huletwa na mbu huyu. Hakuaminiwa mpaka 1900, Walter Reed na wenzake walipolihakikisha. Mwaka 1901 Gorgas aliamuru mapipa yote ya Havana yafunikwe au kumwagwa mafuta, na katika mwaka huo homa ya manjano ikakoma mjini. Kifuniko cha pipa kilifanya hayo, baada ya miaka zaidi ya 250 ya mazishi.

Nimesema mwanzoni kwamba Mkula maji hayana haja ya kuwekwa akiba. Neno hilo lilikuwa kweli kwa baba zetu, na kwetu lina ukweli nusu. Nyumba nyingi zimeezekwa bati, mvua ya bati huvutwa katika mapipa, na penye uwezo husimama tangi la plastiki. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengue 2014, na tena 2019; na kutoka huko mpaka kwetu ni safari ya siku moja kwa gari. Baada ya kuandika nusu ya habari hizi nilikwenda kulifungua tangi la nyumba yangu mwenyewe, ambalo nilikuwa nikijisifia kwamba maji yake hayanuki. Hayakunuka. Kifuniko kilikuwa kimepasuka ukingoni, nafasi ya kidole. Na nilipopitisha taa kuzunguka ukingo wa maji nikaona mstari mwembamba mweusi, kama wino wa kalamu.

Tulilimwaga lote. Kijana mmoja mwembamba wa mabega aliingia, si kwa sababu nimesoma habari za fantasi, bali kwa sababu mimi siwezi kupita tena katika mlango ule. Alisugua ubavu kwa dodoki na sabuni, kuanzia chini hata juu kabisa, mpaka mahali ambapo maji hayajafika kamwe, kisha akasuuza. Tukalijaza, tukatia dawa ya klorini ya maji, ile ing'arishayo nguo nyeupe, ambayo chupa yake iliandikwa sehemu 5 katika 100: lita 1 kwa kila lita 1,000 za maji. Tukafungua bomba mpaka harufu ikasikika, tukalifunga, tukaliacha usiku na mchana. Kesho yake tuliyamwaga maji hayo mbali na bustani, tukasuuza tena, tukajaza maji ya kunywa. Juu ya mlango tumefunga wavu mzito chini ya kifuniko kipya, na mdomo wa mfereji wa bati nao tumeuvika wavu.

Kijana alipotoka, amelowa, aliniuliza kwa nini nimemlazimisha kusugua hata juu pasipo na maji. Nikamwonyesha ule mstari mweusi katika kipande cha dodoki. Kisha nikamfundisha lile neno fantasi, naye akalitamka vizuri.